Amri ya Mahakama Isiwe Karatasi Tupu

Yako makosa ambayo jamii huyakemea hadharani na kuyastahi faraghani. Moja la makosa hayo ni kumpiga mke. Hakuna kiongozi wa serikali, wa dini wala wa ukoo atakayesimama leo mbele ya hadhara na kutamka kwamba ni haki mtu kumvunja mwenzake mbavu kwa sababu chakula kimechelewa. Lakini kosa hilo hilo likitendeka nyuma ya mlango uliofungwa, hubadilishwa jina likaitwa "mambo ya ndani". Jirani husikia mayowe akazima taa. Ndugu huelezwa habari wakashauri uvumilivu. Na ile methali isemayo kuwa siri ya mtungi aijuaye kata, ambayo wahenga hawakuitunga kwa ajili ya kuficha uhalifu, hugeuzwa kuwa ngao ya mwenye mabavu.

Ukubwa wa jambo hili haukisiwi tena. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikia umri wa miaka 15. Utafiti huo huo ulionyesha jambo jingine la kusikitisha zaidi. Wanawake 58 katika kila 100 waliohojiwa waliona kwamba iko angalau sababu moja ambayo kwayo mume anastahili kumpiga mkewe. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 40 katika kila 100. Maana yake ni kwamba kasumba hii imekwisha kuingia hata katika mawazo ya yule anayeumia. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa hawezi kutazamiwa kukimbilia polisi siku ya kwanza. Hukimbilia siku ya mia, na mara nyingine hachelewi tu, bali hafiki kabisa.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyokuwa ya kimapinduzi kwa wakati wake, ilitamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya viboko, hata kama ipo mila yoyote isemayo kinyume. Maneno hayo yalikuwa pigo kwa fikra ya kwamba mahari hununua mgongo wa mtu. Kanuni ya Adhabu nayo haimbagui mume: anayemshambulia mtu na kumdhuru mwili anaweza kufungwa hadi miaka mitano, awe amemdhuru mpita njia au mama wa watoto wake.

Tatizo ni kwamba sheria hizo zote hutazama nyuma. Huuliza nini kimekwisha kutendeka, nani ametenda, na apewe adhabu gani. Mwanamke aliyepigwa jana anauliza swali lingine kabisa: je, usiku wa leo itakuwaje? Amekwenda kituoni, ameandikiwa fomu ya PF3, ametibiwa hospitali. Mume amekamatwa, akatoa maelezo, akapewa dhamana kama sheria inavyoruhusu. Jioni ile ile wote wawili wanarudi kwenye nyumba moja yenye mlango mmoja, na safari hii mmoja wao amebeba hasira ya kushitakiwa. Kesi itasikilizwa baada ya wiki kadhaa. Katika muda huo kati ya dhamana na hukumu, ndimo hatari kubwa kuliko zote inamokaa.

Ni kwa ajili ya kuuziba ufa huo ndipo mataifa mengi yalipobuni amri ya ulinzi. Amri hiyo si hukumu ya jinai. Ni agizo la mahakama kwamba fulani asimkaribie fulani. Asifike nyumbani kwake, kazini kwake wala shuleni kwa watoto. Asimpigie simu wala kumtumia watu. Na ikilazimu, atoke katika nyumba ambayo hadi jana aliiita yake. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1976, na mwaka huo huo jimbo la Pennsylvania la Marekani likatunga ya kwake. Barani Afrika, Afrika ya Kusini ilikuwa na sheria ya kuzuia ukatili wa kifamilia mwaka 1993, ikaja kuiboresha kwa sheria pana zaidi ya mwaka 1998. Rwanda ilitunga sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia mwaka 2008, Uganda ikatunga Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010, na Kenya ikafuata mwaka 2015 kwa sheria ya kinga dhidi ya ukatili huo.

Tanzania hadi sasa haina sheria mahsusi ya aina hiyo. Si kweli, hata hivyo, kwamba mahakama za nchi hii hazina uwezo wowote. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kumkataza mtu kumlazimisha mwenzake wakae pamoja na kumbughudhi kwa njia yoyote ile. Lakini uwezo huo umefungwa ndani ya shauri la ndoa: hutumika wakati shauri la talaka au la kutengana linaendelea, au baada ya amri kutolewa. Mwanamke asiyetaka talaka, anayetaka tu kulala bila hofu, hana mlango wa kuingilia. Na hata anayetaka talaka, kwa kawaida hutakiwa kwanza kupitia baraza la usuluhishi la ndoa. Usuluhishi ni jambo jema kati ya watu wawili waliokosana. Kati ya anayepiga na anayepigwa hakuna ugomvi wa kusuluhishwa. Kuna kosa la kukomeshwa. Sheria imeacha nafasi kwa mahakama kulisikiliza shauri bila kupitia baraza penye mazingira ya pekee, lakini ni wanawake wangapi wa vijijini wanaolijua hilo, na ni nani wa kuwaeleza?

Hoja ya kutunga sheria ya amri ya ulinzi, basi, ni nzito na haihitaji kurembwa. Linalohitaji kufikiriwa kwa makini ni jinsi ya kuifanya amri hiyo iwe na meno. Maana uzoefu wa dunia unaonyesha wazi kwamba amri isiyo na mtu wa kuisimamia ni mbaya kuliko kutokuwa na amri. Humpa mwanamke matumaini ya uongo, na humfundisha mwanamume kwamba mahakama nayo yaweza kudharauliwa.

Marekani ilipata fundisho hilo kwa namna ya kuhuzunisha. Mwezi Juni mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, baba aliyekuwa amezuiwa na mahakama aliwachukua binti zake watatu nje ya nyumba ya mama yao. Mama aliwapigia polisi simu, akarudia tena na tena, na akaenda kituoni mwenyewe akiwa na amri ya mahakama. Aliambiwa asubiri. Kabla ya mapambazuko baba alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa na polisi. Na ndani ya gari lake wakakutwa watoto wote watatu wamekufa. Mama alishitaki. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, iliamua kwamba kwa mujibu wa katiba hakuwa na haki ya kudai kuwa polisi walilazimika kuitekeleza amri ile. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika ilisema kinyume: kwamba dola ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kumlinda mama huyo na watoto wake. Lakini uamuzi wa tume haukuwafufua watoto. Karatasi ilikuwapo, sheria ilikuwapo, polisi walikuwapo. Kilichokosekana ni mnyororo wa kuviunganisha vitu hivyo vitatu.

Hispania nayo ina historia inayopaswa kusomwa na kila mtunga sheria. Mwezi Desemba mwaka 1997 mwanamke mmoja wa umri wa miaka 60, mkazi wa mkoa wa Granada, alijitokeza katika televisheni akaeleza jinsi alivyopigwa na mumewe kwa miaka 40. Alikuwa amekwisha kupewa talaka. Lakini mahakama iliyoivunja ndoa ile iliigawa nyumba: mke akae ghorofa moja, aliyekuwa mumewe akae nyingine. Siku 13 baada ya mahojiano hayo, mwanamume yule alimmwagia petroli akamchoma moto uani. Nchi nzima ilishituka. Watu walitambua kwamba aliyeuawa hakuwa amekaa kimya. Alikuwa amesema kila mahali palipostahili kusemwa, na dola ikamrudisha chini ya paa moja na adui yake.

Kutokana na mshituko huo Hispania ilijenga nyumba yake ya sheria tofali kwa tofali. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya amri ya ulinzi, inayomtaka hakimu kuwaita wahusika na kuamua ndani ya saa 72 tangu maombi yafikishwe. Amri moja hubeba yote mawili: kumzuia mshitakiwa asikaribie, na kuweka utaratibu wa muda kuhusu nyumba, watoto na matunzo. Mwezi Desemba mwaka 2004 bunge lilipitisha sheria pana dhidi ya ukatili wa kijinsia, na mwaka 2005 mahakama maalumu za kesi hizo zikaanza kazi. Mwaka 2007 polisi walipewa mtambo wa kupima kiwango cha hatari inayomkabili kila mlalamikaji, na ikaanzishwa namba ya simu ya bure ambayo haionekani katika ankara, ili mume asijue kwamba mkewe ameomba msaada. Hatimaye, mwaka 2009, zikaja bangili za elektroniki.

Inafaa kueleza jinsi bangili hizo zinavyofanya kazi, maana wako wanaodhani ni uchawi na wako wanaodhani ni mchezo wa matajiri. Mwanamume aliyezuiwa huvishwa bangili mkononi au mguuni, isiyovuka maji wala kuvuliwa bila kutoa taarifa, na huchukua kifaa kidogo kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kuonyesha mahali alipo. Mwanamke naye hupewa kifaa chake, chenye kitufe cha kuombea msaada. Hakimu hutaja umbali: kwa mfano mita 500 kutoka kwa mwanamke huyo, popote atakapokuwa, na kutoka nyumbani au kazini kwake. Mwanamume akiuvuka mpaka huo, akiikata bangili, au akiacha betri ikazimika, kengele hulia katika kituo kinachofanya kazi usiku na mchana. Watumishi wa kituo humpigia simu mwanamke wakamwonya, na huwaita askari. Mwanamke hahitaji tena kuthibitisha kwamba alifuatwa; mtambo umekwisha kuandika saa na mahali.

Fikra yenyewe ni ya zamani kidogo. Mwaka 1983 hakimu mmoja wa mji wa Albuquerque, Marekani, aliyekuwa ameona kifaa cha namna hiyo katika katuni, alikuwa wa kwanza kumwamuru mfungwa wa nje avae bangili yenye mawimbi. Wakati ule ilikusudiwa kupunguza msongamano wa magereza: ilimlinda mfungwa asitoke nyumbani. Kugeuzwa kwake kuwa chombo cha kumlinda mwanamke kuliugeuza pia mwelekeo wa ulinzi. Zamani aliyetishwa ndiye aliyejificha, akahama, akaacha shamba, kazi na watoto. Sasa anayetisha ndiye anayebeba mzigo wa kutazamwa. Hilo ndilo jambo la haki katika uvumbuzi huu, nalo ni kubwa kuliko chuma na waya.

Lakini Hispania yenyewe imeonyesha pia mipaka ya chuma na waya. Tangu mwaka 2003, serikali ilipoanza kuwahesabu, zaidi ya wanawake 1,200 wameuawa na waume au wapenzi wao, au waliokuwa waume na wapenzi wao. Wengi wao hawakuwa wamepeleka malalamiko popote, na bangili haiwezi kumlinda mtu ambaye hajulikani kuwa yu hatarini. Mwezi Septemba mwaka 2025, taarifa ya mwaka ya mwendesha mashitaka mkuu wa nchi hiyo ilifichua udhaifu mwingine. Kazi ya kuendesha bangili ilikuwa imehamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na katika uhamisho huo mahakama zikakosa kwa muda kumbukumbu za mienendo ya siku za nyuma. Kesi za watu waliodaiwa kuvunja amri zikaahirishwa au kufutwa, na washitakiwa wengine wakaachiwa kwa kukosa ushahidi. Wizara inayohusika ilieleza kwamba wanawake hawakuacha kulindwa. Hata hivyo fundisho limebaki pale pale: dola inapomkabidhi mfanyabiashara ulinzi wa raia bila kushika yenyewe ufunguo wa kumbukumbu, siku mkataba unapokwisha, haki nayo huenda ikapotea njiani.

Basi Tanzania, ambayo bado iko mwanzo wa safari, ina bahati ya kuweza kujifunza kwa gharama ya wengine. Na fundisho la kwanza ni la mpangilio: bangili haitangulii amri, na amri haitangulii mtu wa kuitekeleza. Kununua mitambo kabla ya kuwa na sheria, mahakimu waliofunzwa na askari wenye usafiri ni sawa na kununua kufuli kabla ya kujenga mlango.

Jambo la kwanza ni sheria yenyewe. Amri ya ulinzi iombwe katika Mahakama ya Mwanzo, maana ndiyo iliyo karibu na wananchi. Iombwe bila ada, bila wakili, na bila kulazimika kudai talaka. Imfae kila anayetishwa na mtu wa nyumbani mwake: mke, mume, mzazi mzee anayepigwa na mwanawe, mtumishi wa ndani, na mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa. Penye hatari ya dharura hakimu atoe amri ya muda siku ile ile, kisha aliyezuiwa aitwe asikilizwe ndani ya siku chache. Wako watakaosema kwamba huku ni kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu amri mbaya yaweza kuwa silaha ya kumnyang'anya mtu nyumba yake kwa uongo. Dawa yake ni kasi ya kusikiliza na uwazi wa ushahidi, si kumwacha mlalamikaji bila ulinzi mpaka kesi ya mwisho. Kumkataza mtu asifike mahali fulani kwa siku chache ni hasara inayoweza kurekebishwa. Uhai ukipotea, haurekebishiki.

Jambo la pili ni meno. Hapa Afrika ya Kusini imetoa mfano wa kufuatwa. Mahakama ya huko inapotoa amri ya ulinzi, hutoa papo hapo na hati ya kumkamata mzuiwa, hati ambayo husubiri bila kutumika maadamu amri inaheshimiwa. Siku ikivunjwa, mlalamikaji huipeleka hati hiyo polisi pamoja na kiapo chake, na askari hana haja ya kumtafuta hakimu wala kujiuliza kama ana uwezo wa kukamata. Utaratibu huo haugharimu setilaiti wala betri. Unagharimu karatasi moja na muhuri mmoja, nao unaondoa kisingizio ambacho mama wa Castle Rock alikipata alipoambiwa asubiri.

Jambo la tatu ni nani atoke nyumbani. Katika vijiji vingi mwanamke aliyeolewa yuko katika ardhi ya ukoo wa mume. Akiondoka, anaacha shamba alilolima, mifugo aliyoitunza na watoto aliowazaa. Na kwao, wazazi wake pengine wamekwisha kula mahari na wanaogopa kudaiwa. Ndiyo sababu anarudi. Watu husema amerudi kwa mapenzi, kumbe amerudi kwa njaa. Amri isiyogusa nyumba, chakula na ada ya shule ni amri ya watu wa mjini wenye mishahara. Hakimu lazima awe na uwezo wa kumtoa anayepiga, kumwacha anayepigwa katika nyumba, na kuamuru matunzo yaendelee kulipwa. Na penye hatari isiyoruhusu hilo, pawepo nyumba salama ya kumhifadhi, si benchi la kituo cha polisi.

Jambo la nne ni watu. Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi ni hatua iliyoleta nafuu kubwa, na Vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali vimempunguzia mgonjwa taabu ya kuzungushwa na jeraha lake kutoka ofisi hadi ofisi. Lakini dawati halifiki kila kata, na askari wa dawati asiye na gari hawezi kuukimbilia mlango unaovunjwa umbali wa kilometa 20. Nakala ya kila amri ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, kwa mgambo, na kwa balozi wa nyumba kumi. Hao ndio walio karibu. Mzuiwa anapoonekana gizani karibu na nyumba aliyokatazwa, ni wao watakaomwona kabla ya setilaiti yoyote. Lakini wafunzwe kwamba kazi yao si kumbembeleza mwanamke afute kesi kwa mbuzi mmoja na soda. Mjumbe anayefanya hivyo haleti amani. Anamsaidia mhalifu kufunga mlango.

Baada ya hayo, na baada ya hayo tu, bangili itakuwa na maana. Ni busara zianze kwa majaribio katika miji ambamo mtandao wa simu ni wa kuaminika na polisi wanaweza kufika kwa dakika chache, na zitumike kwa wale ambao dalili zao zinatisha: waliokwisha kuvunja amri, waliokwisha kumkaba mtu shingo, waliotamka mbele ya mashahidi kwamba wataua. Si kila ugomvi wa nyumbani unahitaji setilaiti. Katika kijiji ambamo mke na mume wanachota maji kisima kimoja na kuuza mazao gulio moja, mpaka wa mita 500 utalia kutwa nzima mpaka watu waache kuusikiliza, na kengele inayolia bure ni hatari kuliko kimya. Tena umeme ukikatika siku mbili, betri hazitauliza ni kwa sababu gani. Mambo hayo yapimwe kwa majaribio ya kweli, na matokeo yake yatangazwe, mazuri na mabaya.

Lazima pia kuwe na sheria juu ya kumbukumbu zitakazokusanywa. Mtambo unaoonyesha alipo mwanamume unaonyesha vile vile alipo mwanamke. Kumbukumbu hizo zikifika mikononi mwa ndugu wa mume kwa rushwa ya mtumishi mmoja, kifaa cha kumlinda kitageuka ramani ya kumwindia. Kumbukumbu ziwe mali ya dola, zilindwe kwa adhabu kali, na zifutwe muda wake unapokwisha. Na yule anayevishwa bangili, ambaye bado hajapatikana na hatia, awe na haki ya kuomba hakimu aipitie amri yake upya. Nchi inayolinda haki haiwezi kumlinda mmoja kwa kumsahau mwingine.

Hapana shaka watasikika watakaouliza kama nchi yenye mahitaji ya zahanati, barabara na madarasa inaweza kumudu gharama hizi. Swali hilo linadhani kwamba ukatili wenyewe ni bure. Zahanati hizo hizo ndizo zinazoshona majeraha yake. Madarasa hayo hayo ndimo wanamokaa watoto ambao hawakulala usiku kwa mayowe ya mama yao. Mashamba hulala bila kupaliliwa kwa sababu mkono wa mkulima umevunjwa. Taifa linalipa tayari, tena linalipa kila siku. Linalipia matengenezo ya ukuta badala ya kuuziba ufa.

Wako pia watakaosema kwamba kuingiza mahakama chumbani ni kuvunja ndoa. Lakini ndoa inayoshikiliwa kwa hofu ilikwisha kuvunjika kabla hakimu hajaitwa. Amri ya ulinzi haimkatazi mume kumpenda mkewe, wala haimkatazi mke kumsamehe mumewe. Inakataza kitu kimoja tu, ambacho sheria ya nchi hii ilikikataza tangu mwaka 1971: mkono unaopiga.

Kwa hiyo wabunge wana kazi iliyo wazi mbele yao, na wanasheria wa serikali hawana haja ya kuanza na ukurasa mweupe, kwa kuwa majirani wa kaskazini, magharibi na kusini wamekwisha kutangulia. Mahakimu wasiisubiri sheria mpya ndipo waanze: wanaweza leo kutumia uwezo walio nao wa kuweka masharti ya dhamana, kumtaka mshitakiwa atoe ahadi ya kulinda amani, na kumkataza asimbughudhi mlalamikaji. Askari polisi watambue kwamba mwanamke anayefika kituoni kwa mara ya tatu hajaja kuwasumbua, amekuja kuwaonya. Na wananchi, ambao ndio jirani wa kila nyumba, waache kuzima taa wanaposikia mayowe. Wawashe, watoke, wabishe hodi. Hiyo ndiyo amri ya ulinzi iliyo ya kwanza na ya karibu kuliko zote, nayo haihitaji hakimu wala bangili.